Tantine Alivyomnyima Mamiwata Dada Yangu

Nilipokuwa na miaka tisa nilipewa kazi ya kukagua miguu ya dada yangu kila asubuhi kabla hajaamka. Nilikuwa natafuta magamba ya samaki. Aliyenipa kazi hiyo ni Tantine Bibiche, dada mkubwa wa mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na katika nyumba yetu ya Lubunga neno lake lilikuwa la mwisho hata papa, baba yetu, akiwepo.

Dada yangu, Yaya Solange kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa na miaka kumi na tano. Zamani alikuwa msemaji. Ukimtuma sabuni alirudi na habari za mtaa mzima, sabuni kaisahau. Kisha akanyamaza. Aliacha kusuka nywele, akawa analala mchana, na jioni alikwenda kukaa peke yake ukingoni mwa mto akitazama maji. Siku moja akanipa viatu vyake vyekundu vya Krismasi. "Chukua," alisema, "mimi sina navyo kazi tena." Nilivijaza karatasi mbele, nikaringa navyo mtaani wiki nzima. Mjinga mimi!

Tantine alipoviona miguuni mwangu alishika kichwa. Kwetu kila mtu anajua: mamiwata, yule mwanamke wa majini, akimpenda msichana humnyamazisha kwanza, humvuta karibu na mto, halafu msichana hugawa vitu vyake kwa sababu huko chini kuna vizuri zaidi. Basi sheria zikatolewa. Kioo kilifunikwa kwa shuka. Samaki walipigwa marufuku, hata waliokaushwa, wasije wakapeleka habari. Papa, asiyeweza kula fufu bila samaki, aliteseka kuliko mgonjwa. Na Yaya hakuruhusiwa kuwa peke yake hata dakika moja. Akienda chooni nilisimama mlangoni nikiimba, ili Tantine ajue tupo.

Magamba sikuyaona. Niliona kucha chafu tu, nikaripoti hivyo.

Mwishowe Tantine aliamua kumpeleka kwa nganga mmoja wa Makiso, na hapo ndipo alipokwama. Makiso ni ng'ambo, na mtumbwi hupita juu ya mto ule ule wa mamiwata. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alitoa kitenge chake kipya, akajifunga na Yaya kiuno kwa kiuno, mafundo matatu. Mimi nilichukuliwa niwe shahidi.

"Mama, muko munafanya nini?" aliuliza mpiga kasia.

"Piga kasia, papa. Haiko mambo yako."

Tulipofika katikati Tantine alijiinua, mtumbwi ukayumba, mpiga kasia akaanza kusali. "We mamiwata, sikia! Huyu mutoto hajue kupika, hajue kufua, analala mpaka saa sita! Utamufanya nini? Ukimutaka, utubebe wote wawili, na mimi ninakula mingi!"

Nilicheka. Hata mpiga kasia alicheka katikati ya sala. Yaya alikuwa analia.

"Tantine," alisema, "hakuna mutu ananiita. Ni mimi mwenyewe nilikuwa nataka kwenda."

Tantine alikaa chini. Alikishika kichwa cha Yaya, akakilaza kifuani pake, na tulivuka sehemu iliyobaki tukisikia kasia tu.

Tulipopanda ukingoni, njia ya nganga ilikuwa kushoto. Tantine akashika kulia. "Nganga iko ya mambo ya mayi, ya mamiwata," alisema. "Hii haiko ya mayi. Twende lopitalo." Hakukifungua kitenge. Walipita mjini vile vile, wenye toleka, baiskeli za abiria, wakipiga kengele na kucheka, mpaka hospitali, ambako muuguzi aliuliza mgonjwa ni nani kati yao.

"Andika wote wawili," alisema Tantine. "Lakini anza na huyu mudogo."

Walimsikiliza Yaya kwa miezi mingi. Haikuwa rahisi, kuna majuma alirudi kunyamaza. Lakini leo ni mwalimu, na ukimpigia simu jiandae kusikiliza mpaka chaji iishe.

Nilipokua nilijifunza kwamba mambo yale yote Tantine aliyoyaona kwa Yaya ndiyo dalili ambazo wauguzi huziogopa. Alikosea sababu tu. Lakini aliona mapema, na hakumwacha mtoto peke yake. Nyumba zenye elimu kuliko yetu zimeona baada ya msiba. Hilo linaniuma hadi leo, na kwa Tantine nashukuru.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka kumi na minne alisukuma sahani yake, akakaa kimya. Nikasogeza kiti, nikamuuliza waziwazi kama kuna siku anatamani asiwepo.

"Hapana, mama. Ni pondu iko na chumvi mingi."

Nilionja ile mboga ya majani ya muhogo. Kweli, ilikuwa hailiki. Tukacheka wote wawili. Kisha akainamisha kichwa, akasema polepole: "Lakini kuna rafiki yangu mumoja wa darasa..."

Niliweka kijiko chini.

"Anakaa wapi?" nikauliza.