Bibi ya patron na ile maneno yetu

Bandugu, leo kidogo tu nitoshe mutoto wangu ku kazi!

Kahindo wangu anauzishaka bitambaa kwa Mupakistani moja hapa Beni, mu Mulekera. Bibi ya patron, banasema hajue Kiswahili. Mais leo nafika ku duka, namusikia ku telefone na luga yao, na ndani maneno yetu: rangi, duka, serikali.

Serikali tena!

Nikawaza: Kumbe anatusikiaka, na sisi tunamwanga siri zetu zote mbele yake!

Nikamupima. Nikasema polepole: « Mama, nyoka iko chini ya kiti yako. »

Eh! Baclient bakapanda juu ya meza. Muzee moja akakimbia, akaacha kiatu.

Bibi ya patron? Akabakia ku kiti yake, akacheka na mimi, akanimwangia chai mu kikombe.

Kahindo hasira: « Mama, unanipatisha haya! Ile maneno ilitokaka kwa Bapersia. Ikaingia mu Kiurdu ya Bapakistani, ikafika na huku kwetu. Patron njo alinielezea. »

Donc Kahindo abakie ku kazi. Na chai nilikunywa.

Mais mwenye alisoma aniambie: hao Bapersia balipitaka kwetu lini, na nani alibafungulia mulango?