Muziki wa Kabla ya Salamu

Muziki usio na maneno una tabu moja: ni vigumu kuuomba. Wimbo wenye maneno, hata ukilisahau jina lake, utataja mstari mmoja na mtu atakuelewa. Huu mwingine inakubidi uutoe mwenyewe, kwa pua na midomo, mbele za watu. Baba yangu aliutoa hivyo katika ukumbi mmoja wa Rulenge, asubuhi ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya mdogo wangu wa mwisho, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mimi, binti yake wa kwanza, niliyemsindikiza kwa dijei ili nimsaidie kueleza, nilikuwa nikitazama ukuta.

"Ti-tii, ti, ti-ti, ti," alisema baba, kidole kikipanda na kushuka hewani. "Ni wa vinanda vya umeme. Hauna mwimbaji. Unaujua, kijana?"

Dijei, kijana wa Biharamulo aliyekuwa akiunganisha nyaya za spika, aliinua kichwa akacheka kwa furaha ya kweli. "Aaa, mzee! Ule wa chura! Upo, mzee wangu. Nitaupiga mpaka uchoke mwenyewe."

Baba aligeuka kunitazama. "Wa chura?"

"Ndivyo wanavyouita siku hizi," nilisema.

Sikusema uongo. Ndivyo wanavyouita. Lakini nilijua kwamba kijana yule alikuwa akizungumzia muziki mwingine, na kwamba baba angeingia ukumbini jioni ile mbele ya wakwe akitegemea kitu ambacho kisingekuja.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa kibarua wa barabara. Alikaa kambini upande wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, miezi mingi kwa mkupuo, nasi tukibaki na mama kijijini Ntobeye, wilayani Ngara, katikati ya migomba na kahawa. Barua zilikuja kwa kusuasua. Njia ya hakika ilikuwa redio. Baba alinunua kadi za salamu, zile zilizoachwa nafasi za kujaza majina, akazituma kwa posta, na sisi siku ya kipindi tuliizunguka redio ya mama tukisubiri. Kabla ya mtangazaji kuanza ulipigwa muziki huo wa vinanda: kwanza sauti moja nyembamba ikirukaruka kama mtoto anayeshuka ngazi kwa mguu mmoja, kisha besi nzito ikiingia chini yake. Ulipofika mahali fulani uliteremshwa, na sauti ya mwanamume ikasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote tulichokisikia shuleni, "Salamu hizi zinatoka kwa..."

Nyumbani tulizungumza Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha darasani, cha sokoni, na cha yule mtangazaji.

Muziki ule ulipoanza, mama aliweka chini chochote alichokishika. "Nyamazeni!" alitukemea. "Baba yenu anakuja." Mara nyingi baba hakuja, kadi zilikuwa nyingi na kipindi kilikuwa kifupi. Lakini muziki ulikuja kila mara, na nadhani kwa mama huo peke yake ulitosha, kama kishindo cha mtu uani kabla hajabisha hodi. Siku moja kadi ikasomwa. Jina la mama lilitamkwa nchi nzima ikisikia, na baada ya jina, "popote pale alipo". Mama alijifunika uso kwa kitenge akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Popote nilipo wapi? Si anajua niko hapa na masufuria yake!"

Mama alifariki kabla mdogo wangu hajapata mchumba. Kwa hiyo ilipofika sendofu, likazuka suala la namna baba atakavyoingia. Katika sherehe zetu kila kundi huitwa na mshereheshaji, nalo huingia likicheza kwa muziki wake, zawadi mkononi, mpaka mbele alipoketi bibi harusi. Wazazi huingia pamoja. Baba alikuwa peke yake, na zawadi yake ilikuwa kitenge cha mama, kilekile alichojifunika uso siku ya kadi, kilichofuliwa na kukunjwa. Kamati ilimpendekezea wimbo wa injili wa kuwashukuru akina mama. Alikataa kwa upole.

"Huo ni mzuri, lakini si wetu. Mimi na mama yenu tulikuwa na ule wa redio. Nikiingia na ule, nitakuwa nimeingia naye."

Nilipewa mimi kazi ya kuhakikisha unapatikana, kwa sababu nimesoma.

Na kweli niliujua. Nilipokuwa chuo kikuu, lilivuma toleo jipya la muziki huo: umeongezewa ngoma za disko, na juu yake sauti ya mtu anayeiga pikipiki kwa mdomo, ambayo kwenye video ilikuwa sauti ya katuni ya chura mwenye kofia ya dereva. Ulipigwa mabwenini hadi ukachosha. Siku niliyousikia kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye simu ya mwenzangu wa chumbani, nilishtuka nikasema bila kufikiri, "Huu kwetu ni wa salamu!" Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. "Kumbe Ngara mnapokea salamu za vyura!" alisema mmoja. "Na nyie mnawajibu kwa lugha gani?" Mwingine, aliyejua mambo ya sinema, akanieleza kwa huruma kwamba muziki wa asili ulitungwa kwa ajili ya filamu ya zamani, habari ya polisi mmoja mtundu anayezua vurugu katika mji wa matajiri. Nilicheka pamoja nao. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama akiuvumisha kwa pua huku akimenya ndizi, nami sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba ninaitunza furaha yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuuonea haya muziki ule, na pamoja nao, kwa kiasi ambacho sikutaka kukipima, watu walioupenda.

Haya hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo mbele ya dijei. Kumsahihisha kulitaka maneno machache tu: tafuta ule wa zamani, wa filamu, usio na chura. Lakini pale walikuwapo wajumbe wa kamati, na mshenga wa upande wa pili aliyekuja kukagua viti, na mimi sikutaka wajue kwamba muziki wa kumkumbuka marehemu mama yangu ni wa filamu ya polisi. Nilidhani pia, na hili naliandika ingawa linaniumiza, kwamba watu wakicheka watamcheka chura, hawatamcheka baba.

Jioni mshereheshaji aliita kwa mbwembwe. "Sasa tunampokea baba mzazi! Simameni, simameni! Naambiwa mzee ana jambo lake leo!"

Baba alitokea mlangoni, kitenge kikiwa juu ya mikono yake miwili kama kitu kinachoweza kumwagika. Spika zikalia. Kwanza ile sauti ya mdomo, ya pikipiki inayokataa kuwaka. Watoto wakapiga yowe la furaha na kumiminika katikati ya ukumbi. Simu zikainuliwa. Wakwe walikuwa wakicheka na kupiga makofi, na hawakuwa na ubaya wowote. Waliamini wanamwona mzee mcheshi aliyewaandalia kichekesho.

Baba alisimama pale pale. Muziki wenyewe ukaja, ile sauti nyembamba inayorukaruka, nikaona kichwa chake kikiinuka kwa kuutambua. Kisha pikipiki ikaupanda juu, na kichwa kikashuka. Akaanza kunitafuta kwa macho. Alipita meza ya kamati, akapita meza ya majirani, akakaribia yangu. Mimi niliinama nikashika kamba ya kiatu changu. Kiatu hakikuwa na tatizo.

Nilichosikia nikiwa chini kule ni sauti ya shangazi, dada yake baba. "Kaka, tembea! Watu wanakusubiri! Tembea, nipo nyuma yako!" Nilipoinuka, baba alikuwa akitembea. Hakucheza. Alitembea polepole, kwa mwendo ambao haukuwa wa muziki uliokuwa ukipigwa, watoto wakimzunguka na kurukaruka kama vyura kweli, na shangazi nyuma yake akipiga vigelegele vya watu wanne. Akafika mbele. Akamkabidhi mdogo wangu kitenge. Mdogo wangu alimkumbatia akicheka na kulia. Alizaliwa baada ya kambi ya barabara na kadi za salamu. Kwake ile ilikuwa furaha tupu. Mpaka leo husema kwamba hakuna kilichompendeza siku ile kama baba kuingia na chura.

Ukumbi mzima, basi, ni watu wawili tu waliojua kwamba kuna kitu kimeharibika, na mmoja wao alikuwa ameinamia kiatu.

Kesho yake video ilikuwa kwenye kundi la familia. "Mzee wa chura!" aliandika binamu. Zikafuata picha za vicheko, mstari baada ya mstari. Ukimya wangu ungeonekana. Nikaweka nami kikatuni kile kinachocheka mpaka machozi. Baada ya hapo video ikatoka kwenye kundi ikaenda ilikokwenda, na nikasikia kwamba baba akipita Rulenge, vijana wa bodaboda humwita, "Shikamoo, Mzee Chura!" naye huitikia "Marahaba" na kuinua mkono.

Nilirudi Ntobeye likizo iliyofuata na dawa yangu mfukoni. Nilikuwa nimeutafuta muziki wa asili, ule safi kabisa wa filamu, nikauweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu inayoingia kwenye redio yake. Tulikaa barazani baada ya chakula cha mchana. Niliuwasha, nikamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa akinywa dawa.

Alisikiliza kwa makini. Mwanzoni alitabasamu. Muziki ukaendelea, ukaingia sehemu za katikati, vinanda vingine vikajibizana, na tabasamu likaondoka.

"Umefanana," alisema. "Lakini si wenyewe."

"Ndio wenyewe, baba. Huu ndio wa kwanza. Ulitungwa kwa ajili ya filamu."

"Filamu ya nini?"

"Ya polisi mmoja. Mcheshi."

"Aah." Alifikiri. "Kwa hiyo ulikuwa wa polisi."

Ndipo nilipoelewa. Baba hakuwahi kuusikia muziki ule ukiendelea. Kambini na nyumbani, kila mara, ulikatwa mahali palepale ili mtangazaji aseme. Alioujua yeye ulikuwa mfupi, wenye mikwaruzo ya mawimbi, na uliishia kwenye jina la mtu. Muziki huo haukuwa wa filamu, wala haukuwa wa chura, na mimi nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kumletea kitu kingine kisichokuwa chake.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nikiwa chuo."

"Na siku ile ukumbini? Kijana aliposema chura, ulijua?"

Ningeweza kusema kwamba kelele zilikuwa nyingi. Ningeweza kusema nilidhani atabadilisha. Nilikuwa na majibu hayo tayari, yamepangwa vizuri, kama ninavyopanga hoja kazini.

"Nilijua, baba."

Alitazama migombani, upande lilipo kaburi la mama. Hakuwa na hasira usoni, natamani ingekuwapo. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua.

"Mimi nilifikiri unaumwa," alisema. "Nilikuona umeinama."

Muziki ulikuwa umefika mwisho. Baba aliichukua redio mapajani, akahangaika na vitufe mpaka ukaanza upya. Ile sauti nyembamba ikashuka ngazi zake. Besi ikaingia. Akaweka kidole kwenye sauti, akasubiri, na ulipofika mahali pale, nami nikipajua kabla hajafanya kitu, akauteremsha mpaka ukabaki kunong'ona.

"Hapa ndipo alikuwa anaingia yule bwana," alisema. Kisha akanigeukia. "Haya, sema. Wewe una Kiswahili chake."

Nimezungumza mbele ya watu wengi maishani, kwenye semina na mikutano, na sijawahi kukosa sauti. Pale barazani ilitoka kavu. "Salamu hizi," nilisema, "zinatoka kwa..." nikataja jina la baba, jina lake kamili, ambalo mtoto hana kawaida ya kulitamka mbele ya mzazi wake.

"Na wewe," alisema baba. "Kwenye kadi kulikuwa na nafasi. Jitaje."

Nilijitaja. Nikataja jina la mama, na baada ya jina nikasema maneno yale, "popote pale alipo". Nilisubiri acheke kama mama alivyocheka. Hakucheka. Alitikisa kichwa polepole kukubali kwamba kadi imesomwa, huku muziki ukiendelea chini kwa chini kwenda kwenye zile sehemu asizozijua, na hakuna kati yetu aliyeupandisha.