Kumalizia Wimbo wa Mwalimu Zdenka

Sikupanga kusafiri mwezi ule. Ila Mwalimu Zdenka, mtunzi wa Kicheki aliyenifundisha muziki nikiwa kijana, alinipigia simu kutoka Tukuyu. "Mikono inatetemeka, siwezi kushika kalamu. Wimbo wangu haujaisha. Njoo uniandikie." Nikaomba ruhusa katika shule ninayofundisha Dodoma, nikakata tiketi ya basi.

Nililala Mbeya, na siku ya pili asubuhi nikaondoka kuelekea Tukuyu. Kufika Isongole, ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya viazi, na waendesha bodaboda wamejifunga mashuka juu ya makoti. Njia nzima nilimuwaza. Baba yake alipiga kinanda kanisani kijijini kwao Ucheki; yeye akasoma Praha, tungo zake zikapigwa na okestra kubwa, akafundisha vyuoni hadi alipofiwa na mumewe. Ndipo alipokuja Rungwe kufundisha walimu wa kwaya kwa miaka miwili tu. Hakurudi tena kwao.

Saa nne nilifika kwake, mtaa wa Msasani wa hapo Tukuyu. Alikuwa amekonda.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Umekula?"

"Bado. Shikamoo, Mwalimu."

Tulikula ndizi, kazi ikaanza. Aliimba kwa sauti ya kukwaruza, nami nikaandika nota. Jioni tukafika mstari wa mwisho. Akaacha kuimba.

"Hapo malizia wewe."

Nilishtuka. Tangu aliponirudishia utunzi wangu wa kwanza umejaa wino mwekundu, sikuwahi kutunga tena. Nikamwambia hivyo.

"Nilisahihisha kwa sababu ulikuwa mzuri," alisema kwa huzuni. "Utunzi mbaya huwa sihangaiki nao. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwomba anipe hadi kesho.

Kesho yake niliandika mstari ule mara tano. Akafuta nota moja tu.

Jumapili mchana tulikwenda Kyimo, nje kidogo ya Tukuyu, kwaya ya wakulima wa chai na ndizi ikaujaribu wimbo. Mama Tumpe, kiongozi wa sauti ya pili, aliwasimamisha wenzake mwishoni.

"Hapa panapanda kweli! Nani kaandika?"

Mwalimu akanionyesha kwa kidevu.

"Basi turudie," akasema Mama Tumpe. "Pananipendeza."

Waliporudia, Mwalimu alifumba macho, akawaongoza kwa kichwa.

Jumatatu nilirudi Dodoma. Miaka ishirini nilikuwa nimenyamaza kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza. Siku hizi nikisahihisha kazi ya mwanafunzi, nakaa naye benchi moja, nimweleze kila nilichogusa. Wiki hii wawili wameniletea nyimbo walizotunga wenyewe. Wimbo mmoja una makosa mengi. Nimemwomba aliyeutunga asiache.