Mshono Ulioegemea Kushoto

Harufu ya ukindu ukichemshwa na rangi nyekundu hainitoki puani, na mimi ni mzee ambaye hata ugali ukiungua siku hizi siusikii. Ilitoka nyuma ya nyumba ya Mnubi aliyetupangisha chumba huko Kibra, enzi za Wazungu, msitu ukiwa bado unafika karibu na vyoo. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu. Mama alifuga kuku wakali kuliko mbwa, lakini hayo tuyaache.

Mwenye nyumba alikuwa na binti wa rika langu, Zainabu. Sikuwa na rafiki mwingine, wala sikumtafuta. Mwaka huo kulikuwa na harusi kwa jirani. Nyanya yake Zainabu, ambaye sote tulimwita Habuba kama Wanubi wanavyomwita bibi, alisema msichana atakayesuka tabaga nzuri kuliko wote, yaani kile kifuniko cha chakula cha mviringo, ndiye atakayetangulia sinia la bibi harusi, yeye na mwenzake mmoja. Zainabu akanishika mkono. "Wallahi, tutatembea mimi na wewe." Usiku nilijifunika maneno hayo kama blanketi jipya.

Zainabu alisuka katikati tu, akasema vidole vinamuuma. Nikaendelea mimi mpaka ukingoni, na ukingoni ndiko kwenye kazi. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Mama alinichapa sana kwa ajili hiyo wakati wa kula, akidhani ni ukaidi. Basi mshono wa Zainabu uliegemea kulia, wangu ukaegemea kushoto. Ukipitisha kidole unasikia pale tulipopokezana.

Habuba alikipitisha. Kidole kilitoka katikati polepole, kikafika pale, kikasimama. Akaniangalia mimi, si Zainabu.

"Umesuka mwenyewe?"

"Mwenyewe, Habuba," akajibu Zainabu.

"Na huyu?"

"Huyu ni mtoto wa mpangaji. Alikuwa ananishikia ukindu."

Nilingoja. Habuba alikuwa amefundisha wasichana wa Kibra nzima kusuka, hakuna mshono ambao hakuujua. Akasema, "Haya," akalifunika sinia kwa tabaga yetu. Zainabu alitembea na binamu yake, wamepakwa hina, nami nikawatazama nikiwa nyuma ya ua pamoja na kuku wa mama. Pilau ilinukia mpaka kwetu. Ililetwa sahani moja, ya wapangaji. Sikuila.

Siku hizi nakaa Kawangware. Wajukuu wangu wana marafiki ndani ya simu, wengi kama siafu, na wakinuniana asubuhi, jioni wanacheka tena. Huwaonea wivu, maana mimi baada ya Zainabu nilipata majirani, nikapata mume, nikapata watu wa kanisani, lakini kila aliyenishika mkono nilimtazama vidole kwanza.

Mwaka jana Zainabu aliletwa na wanawe kunisalimia, macho yameshaingia ukungu. Akanipapasa uso. "Dada yangu," akasema, "sikupata rafiki mwingine kama wewe." Nikamwekea chai. Nilikuwa nataka sentensi moja tu kutoka kwake, fupi, juu ya ule ukingo. Alisifu chai, akauliza habari za magoti yangu, akaomba sukari kidogo. Nikamwongezea. Akanywa akamaliza, wakamchukua, nikaosha kikombe.