Yatima kwa Kiapo

Nilisikia baiskeli kabla sijaiona. Ukungu wa Nyakitonto ulikuwa umelala juu ya migomba, mzito, na ndani yake gurudumu lilikuwa likilia tiki-tiki polepole. Mtu alikuwa anaisukuma, hakuipanda. Nikajua jibu. Akiwa na habari njema, baba alishuka kilima kile amekaa kitini, miguu imeachiwa, kengele inalia bila sababu.

Alikuwa ametoka Kibondo kwa shangazi yangu, mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikwenda kumwuliza kama yeye, baba, anaweza kuapa mbele ya wakili kwamba mimi si mwanawe.

Huyo ninayemwita baba ni mdogo wa baba yangu. Aliyenizaa alikufa kabla sijaishika sura yake. Ninakumbuka koti tu, na hilo nalo huenda nilisimuliwa. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, pombe ya ndizi ikazunguka, na mdogo wa marehemu akaambiwa mbele ya watu: mke huyu ni wako, mtoto huyu ni wako. Akakubali. Tangu siku ile kuniita yatima kukawa tusi kwake. Ilikuwa ni kusema kwamba ameshindwa kunilisha, kwamba moto wa kaka yake umezimikia mikononi mwake. Nikiwa shule ya msingi, mwalimu aliwahi kuwasimamisha yatima darasani ili wapewe madaftari ya msaada. Nilisimama. Kesho yake baba aliyachukua madaftari yale, akayaweka juu ya meza ya mwalimu, akageuka kurudi shambani.

Kwa hiyo walipokuja kijijini kuandikisha watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, alijiandikisha yeye kuwa baba yangu. Hakudanganya. Aliulizwa baba wa mtoto ni nani, naye akajibu kama ukoo ulivyomwagiza. Alikileta cheti nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, akatuonyesha jina lake na langu yalivyokaa pamoja, kama mtu anayeonyesha picha ya harusi.

Cheti hicho ndicho kilichonifungia chuo.

Nilisoma kidato cha sita Kibondo, nikafaulu, nikachaguliwa kusoma fasihi chuo kikuu. Bila mkopo wa serikali, kuchaguliwa huko kulikuwa sawa na kuonyeshwa chakula kupitia dirisha. Kasulu mjini kulikuwa na mzee mmoja mwenye steshenari, Mwislamu, wazazi wake walitoka Tanga, na wanafunzi karibu wote tulimwendea yeye atujazie maombi ya mkopo kwenye kompyuta.

"Baba yupo?" aliniuliza, macho kwenye kioo.

"Yupo. Anapalilia maharage."

"Basi hai," akasema, akabonyeza.

Majina yalipotoka, langu halikuwemo. Nilirudi kwake. Alinitazama kwa huruma ya mfanyabiashara, ile isiyopunguza bei.

"Binti yangu, wewe una baba, baba ana shamba na nyumba ya bati. Utashindana vipi na yatima? Ungekuwa yatima, saa hizi uko chuo unalalamikia joto."

"Aliyenizaa alikufa."

Akavua miwani. "Mbona ulinyamaza?"

"Uliniuliza kama baba yupo. Yupo."

Alicheka kwanza, kisha akaacha. Akanieleza kwamba dirisha la maombi lingefunguliwa tena mwaka unaofuata. Nitafute cheti cha kifo cha marehemu, na huyu aliyeandikwa kwenye cheti changu aape kwa wakili kwamba si yeye aliyenizaa. "Ukiwa na hivyo viwili, njoo. Ukikosa kimoja, usinimalizie umeme wangu."

Cheti cha kifo kilipatikana. Mtendaji wa kijiji aliandika barua, majirani wakashuhudia, ofisi ya wilaya ikatoa. Marehemu hawana ubishi. Aliye hai ndiye aliyenishinda. Nilimweleza jioni moja akiwa anaosha jembe, nikiyazungusha maneno kama mtu anayetafuta mahali pa kutua mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amewaambia huko serikalini kwamba huna baba?"

"Hakuna. Ndiyo tatizo."

"Basi waje waone."

"Hawaji, baba. Wanasoma tu."

Ndipo alipokwenda Kibondo. Asubuhi ile ya ukungu aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Shangazi yako anasema mtu hamkani aliyepewa mbele ya kaburi," alisema. "Nikiapa, nisimzike yeye akifa."

Mama alikuwa akimenya mihogo. Hakuinua kichwa. "Na mimi?" aliuliza. "Akiapa, mimi nitakuwa nani? Nirudi kuwa mjane?"

Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba karatasi yangu ingemgusa yeye. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa changa bado, ilitaka mtu wa kumkalia. Wenzangu niliosoma nao walinitumia picha wakiwa mbele ya maktaba. Mimi nilikuwa nalima maharage ya mwanamume aliyenipenda mno kiasi cha kutoniacha niwe maskini rasmi.

Kijijini habari haifichiki. Kilabuni walimdhihaki baba usoni.

"Mwenzetu, ukishaapa, ng'ombe za mahari yake tumpelekee nani? Tuzifunge kaburini kwa kaka yako?"

"Mpelekeeni serikali," mwingine akadakia. "Si ndiyo baba mpya?"

Walicheka sana. Naambiwa baba naye alicheka, akalipia pombe ya aliyesema, akaondoka kabla ya kumaliza yake.

Halafu wakaja wageni kutoka kijiji cha Kitanga. Binti akikaa nyumbani mwaka mzima na elimu yake, watu huanza kuhesabu miaka yake kwa niaba yake. Walikuja wanaume watatu wenye adabu, wakimposea kijana wao mwenye pikipiki mbili za biashara. Nilikuwa jikoni nasikia kila kitu. Msemaji wao alisema maneno mazuri juu ya nyumba yetu, kisha akataja ng'ombe, na idadi ilikuwa ya heshima. Zaidi ya heshima. Zote zingekuja kwa baba, kwa sababu mimi nilikuwa mwanawe, na hakuna hapo kijijini ambaye angelipinga hilo.

Nilijua baba anachokiona: ng'ombe wanaingia zizini, na nyuma yao watu wakinong'ona kwamba hiyo ndiyo sababu hakuapa.

"Mtoto anasoma," baba alisema.

"Anasoma wapi, mzee? Tumemkuta na jembe."

"Nimesema anasoma."

Waliondoka bila kumaliza uji. Asubuhi, kabla sijachukua jembe, baba alikuwa amevaa koti. "Vaa viatu," aliniambia. "Twende Kasulu."

Wakili alikuwa kijana, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Aliandika upesi, akachapa, akaanza kumsomea baba: mimi niliyetajwa hapo juu, naapa na kuthibitisha. Baba akainua mkono.

"Kiswahili hiki sikielewi."

Nilimtazama. Alikuwa ameuza maharage kwa Kiswahili tangu ujana wake. Alikuwa amebishana kwacho na polisi, na madalali, na wakimbizi wa Kikongo wa kambini, ambao chao kina maneno ya Kifaransa ndani.

"Basi lazima mtu amfasirie kwa Kiha," wakili alisema. "Karani wangu hayupo leo."

"Huyu anajua Kiha," baba alisema. "Aniambie yeye."

Nilipewa karatasi. Nikamwambia, kwa lugha aliyonifundishia kuhesabu, kwamba mimi si mwana wake. Nilipolainisha neno, alisubiri mpaka nikalirudia sawasawa. Kwamba baba yangu ni mwingine. Kwamba baba yangu amekufa. Alinitazama mdomoni muda wote, kama wasiosikia wanavyotazama.

"Umeelewa, mzee?" wakili aliuliza.

"Nimeelewa sasa."

Akaandika jina lake kwa herufi za shule, moja moja. Karatasi ile ilifanya kazi yake yote. Ilinipa nafasi kwenye orodha, ikanipa chuo, ikanipa hata hivi vitabu ambavyo watu hunisifia. Sina ninaloweza kuilaumu. Lakini siku ile ilikuwa bado mezani, wino haujakauka, na wakili akaipigia muhuri, akasema tumemaliza.

Baba akasimama, akavaa kofia, akampa wakili mkono. Kisha akanigeukia. Siku zote alipotoka mahali akaniacha aliniita mwana wanje, yaani mwanangu, akaniambia nisichelewe. Safari hii alinipa mkono pia, mkono wa watu wawili waliokutana ofisini.

"Haya, binti," alisema kwa Kiswahili safi. "Wasalimie kwenu."

Akatoka, akaufunga mlango.