Kijiko na Birika

Kila kiangazi jirani yangu hupokea watoto wa Dublin wanaokuja kwetu Konemara, magharibi mwa Ireland, kujifunza Kiairishi, na anayetamka Kiingereza nyumbani kwake hufungishwa virago. Mikono yake haiishi unga wa mkate. Akisikia neno la Kiingereza, huligongea birika kwa kijiko: tang! Ila "baisikeli" amelikubali. "Hilo limeshalala kwangu, ni langu," husema. "Lakini lifuate sheria za nyumba." Yaani, kwa Kiairishi, ukisema ni yako, ile b ya mwanzo sharti uilainishe iwe w. Jana Muireann, mjukuu wake mwenyewe, alianguka mbele ya mlango, mfupa wa mkono ukachomoza nje. "Bibi! Baisikeli yangu imenivunja mkono!" alilia kwa Kiairishi, b ikiwa ngumu vilevile. Bibi alisimama kizingitini na kijiko chake. "Sema vizuri." Nikapiga kelele, "We mama, una wazimu? Mtoto anavuja damu!" Wala hakugeuka. Muireann akameza kilio, akasema upya, akailainisha. Ndipo yule mama akapiga magoti, akamkumbatia. Gari la wagonjwa likaja. Mhudumu akamuuliza mtoto, kwa Kiingereza, anaumia wapi. Muireann akamtazama bibi yake, akafumba mdomo.