Matete Niliyoyang'oa

Siku ile ninaikumbuka, mwanangu, na bado naona haya. Nilikuwa na umri kama wako, nikilima kabichi kando ya kijito kinachoshuka kuelekea ziwa la Nzilo. Kilimo nilijifunza mwenyewe, kwa simu na daftari, na nilitaka shamba lisilo na dosari. Nikang'oa kila jani kati ya matuta, hata matete ya ukingoni. Mbolea nilipima, kisha kwa woga nikaongeza.

Mvua zikanyesha, kisha jua likawaka wiki mbili. Chini ya shamba langu, bwawa la jirani yangu Mama Kabedi, mfuga samaki, likageuka kijani, samaki wake wakaelea matumbo juu. Kwetu, penye migodi ya shaba, maji yakiwa kijani, kila mtu husema ni shaba. Vijana wa mtaa wakashika fimbo wakawafukuze wachimbaji wanaoosha mawe huko juu. Nami nilikuwa nimeona ule ukijani unapoanzia. Nikarudi kupalilia kabichi zangu kama sijui.

Mama Kabedi hakushika fimbo. Alipanda na kijito mpaka kwangu.

“We mutoto, shamba unaifagia sawa salon ya wageni? Matete njo ilikuwa mulango. Umeing'oa, mbolea yako imeingia kwangu bila hodi.”

“Mama, labda ni shaba.”

“Shaba inaanziaka kwa matuta yako?”

Juu ya shamba langu maji yalikuwa meupe, bila ukijani wowote. Nikawakimbilia wale vijana, nikasema, “Ni mimi, ni mbolea yangu.” Walinitukana vizuri tu, lakini fimbo walizitupa.

Kesho yake Mama Kabedi aling'oa shina la majani, akanionyesha nyuzi za kuvu mizizini, nyembamba kuliko unywele. “Hizi zinaletea mizizi chakula ile udongo inaficha. Zinalimaka kuliko wewe,” akacheka. Tukayapanda matete upya, nami nikamrudishia vifaranga vya samaki.

Basi, mwanangu, kati ya shamba na maji acha ukanda wa majani. Mizizi huzuia udongo, na udongo ndio unaobeba mbolea. Usiuache uchi. Vijidudu usivyoviona navyo ni vibarua wako, usivinyime kazi kwa kumwaga mbolea kupita kiasi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kosa husemeka: liseme mapema, kabla fimbo haijamwangukia asiyehusika.

Mungu aubariki mkono wako, na maji yatokayo kwako yamfikie jirani yakiwa meupe.